Pedali za gitaa bila soketi: kuziwasha kwa betri ya kuchaji Unguja na Pemba

Anayepiga gitaa la umeme Zanzibar lazima siku moja aitwe mahali ambapo jukwaa ni mchanga mtupu. Hoteli ya Paje au Jambiani inataka bendi ikae karibu na maji, soketi iko jikoni, na waya wa kurefushia unapita miguuni mwa wageni. Au ni harusi ya shamba, umeme ni wa jenereta, na kila friji la soda likijiwasha gitaa linanguruma. Amplifaya ndogo ya betri siku hizi inapatikana. Zinazobaki ni zile pedali nne tano chini ya mguu wako, visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Mwenye udi na mwenye ganuni hawana habari na haya, wanakaa zao kitako wanapiga.

Tena sisi wa visiwani tunajua umeme wetu unatoka wapi. Unguja unapita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba, Pemba unatoka Tanga. Waya wa Unguja ulipoharibika mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Tangu 2013 upo waya mpya mkubwa zaidi na mambo si yale, ila mpigaji mwenye betri yake halali na wasiwasi.

Pedali zenyewe hazili umeme mwingi. Zinazokufa hapa kwetu mara nyingi haziuliwi na betri, zinauliwa na plagi ndogo ya mwisho wa waya. Kwa hiyo tutaanzia kwenye pedali na betri tutaifikia baadaye.

Hatua ya 1: Pindua kila pedali uisome

Karibu na tundu la umeme, au kwenye kibandiko cha chini, tafuta mambo matatu.

Kwanza volti. Nyingi zinataka volti 9 za DC, yaani umeme wa aina ya betri, urithi wa ile betri ya mraba inayotiwa ndani ya pedali. Chache zinataka 12 au 18. Ukiona herufi AC au alama ya kiwimbi (~) mbele ya volti, iweke pembeni: hiyo inataka umeme wa aina ya ukutani uliopunguzwa, na betri haiutoi.

Pili, picha ya kitone kilichozungukwa na nusu duara, kila kimoja kikiwa na mstari unaokwenda kwenye alama ya + au −. Kitone ndicho pini ya katikati. Kwa pedali nyingi kitone kinakwenda kwenye −, yaani katikati hasi na nje chanya. Shika hilo, tutalirudia.

Tatu, miliampea, mA, yaani kiasi cha umeme inachokula. Usipoikuta kwenye kibandiko itafute kwenye kijitabu chake au kwenye tovuti ya waliotengeneza.

Ukiwa na fazi (pedali ya kukwaruza sauti) ya kizamani ya transista za jemani (germanium), iangalie zaidi. Baadhi yake ethi yake, ule upande ulioungana na chuma cha pedali, ni chanya badala ya hasi, na ukiiunga kwenye waya mmoja na wenzake unatengeneza shoti. Hiyo ipe betri yake peke yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Ovadraivu au distoshen ya kawaida, nazo za kukwaruza sauti, inakula mA 5 hadi 20. Korasi ya analogi, ya kunenepesha sauti, kama 20. Tyuna ya kulinganishia nyuzi, yenye taa kali, inaweza kufika 50 au zaidi. Dilei ya dijitali, ya kurudiarudia sauti, kama 70, riverbu, ya mwangwi, 100, na zile kubwa zenye skrini hufika 300 peke yake.

Tuseme unazo ovadraivu (10), korasi (20), tyuna (50), dilei (70) na riverbu (100). Jumla mA 250. Ongeza theluthi ya akiba, panga kwa mA 350. Pedali haisukumiwi mA kwa nguvu, inachukua inazohitaji tu, kwa hiyo chanzo kikiwa na uwezo wa ampea 2 hakuna linaloharibika. Volti ndizo zisizotaka mchezo. Ukiitia volti 12 pedali ya 9, nyingine itavumilia na nyingine itakufa papo hapo. Ovadraivu kadhaa zina chipu ya ndani ya kupandisha volti, kama MAX1044, ambayo kikomo chake ni volti 10 na nukta kidogo.

Hatua ya 3: Chagua betri

Mwenye pedali moja au mbili za analogi anunue betri za mraba za kuchaji, mbili, basi. Zile za NiMH (nikeli) zina kiasi cha mAh 200, yaani mA mara saa zinazodumu, kwa ovadraivu ya mA 10 hizo ni saa nyingi kuliko harusi yoyote. Zipo na za lithiamu zinazochajiwa kwa USB. Hizo zina mashine ndogo ya kubadilisha volti ndani yake na nyingine hupiga mlio, zisikilize kwanza. Na ukumbuke kuchomoa waya wa gitaa ukimaliza: pedali inayotumia betri ya ndani huwaka pale tu jeki inapoingia, haijali kama umeikanyaga au hukuikanyaga.

Mwenye pedali tatu hadi sita ana njia mbili zenye maana. Moja ni pawabenki ya simu na waya wa kupandisha volti 5 hadi 9. Ya pili ni betri ya volti 12 yenye regyuleta, kijidude cha kushusha volti hadi 9 na kuzishikilia hapo. Pawabenki ni nyepesi na tayari unayo. Ya volti 12 ni nzito na inataka fundi, lakini ni kimya kabisa. Mimi napendelea ya pili kwa kazi ya kulipwa na ya kwanza kwa mazoezi barazani.

Pawabenki ya mAh 10,000 isikudanganye kwa namba. Hizo ni mAh za betri ya ndani ya volti 3.7, yaani saa-wati 37. Ikipandishwa hadi 5, kisha hadi 9, robo hivi inapotea njiani na unabaki na kama 28. Pedali zetu za mA 250 kwa volti 9 zinakula wati 2.25. Gawanya, unapata saa 12. Inatosha harusi na kurudi nyumbani.

Hatua ya 4: Waya wa rauta na pini ya katikati

Ukenda Darajani au Mlandege ukauliza waya wa kutoa volti 9 kwenye pawabenki, utapewa ule wa kuwashia rauta ya intaneti umeme ukikatika. Nao unafaa: volti ni 9 kweli, plagi ni ile ile ya milimita 5.5, bei ni ndogo. Ila rauta zinataka katikati chanya. Pedali zinataka katikati hasi. Plagi inaingia vizuri, hakuna kinachokuzuia, na umeme unaingia kinyume. Zile UPS (betri za akiba) ndogo za rauta zenye matundu ya volti 5, 9 na 12 nazo ni vivyo hivyo, na zina hatari ya ziada ya kuchomeka kwenye tundu la 12 gizani.

Pedali nyingi zina daiodi ya kujikinga na umeme uliokuja kinyume, na watu huitegemea. Daiodi ile ilipangwa kwa betri ndogo ya mraba, isiyoweza kusukuma ampea nyingi. Mbele ya betri kubwa inachemka, inaungua, wakati mwengine inaondoka na njia ya shaba iliyo chini yake.

Basi pima. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyekundu iingize ndani ya tundu la plagi, nyeusi igusishe chuma cha nje, bila kuzigusanisha. Mita ikisoma 9.1 bila alama, katikati ni chanya, hiyo ni ya rauta. Ikisoma −9.1, kile kistari cha mbele ndicho unachokitaka. Pima hata kama muuzaji ameapa, na pima hata kama kibandiko kimeandikwa.

Kugeuza ni kazi ya dakika chache kwa fundi redio. Nunua tundu moja la kike na plagi moja ya kiume za 5.5 kwa 2.1 (milimita za nje na za katikati), na kipande cha waya. Mwambie hivi: "Fundi, nataka chanya ije nje, hasi ije katikati." Atakuuliza mara mbili, maana karibu kila adapta inayopita mezani kwake ni kinyume na hivyo. Shikilia hapo hapo. Likishamalizwa, lipime, kisha lifunge utepe mwekundu ili lisichanganyike na waya za nyumbani. Lichomeke mwisho wa waya wa rauta na usilichomoe tena. Na angalia plagi isiwe ya 2.5: inaingia kwenye pini ya 2.1, lakini inacheza, na sauti itakatika kila ukikanyaga.

Kama pawabenki yako ni ya USB-C yenye kuchaji kwa kasi, zipo nyaya zinazoiomba volti 9 moja kwa moja. Ni nzuri, hasara ya umeme ni ndogo. Lakini pima kila pawabenki mpya kwa waya huo, kwani nyingine haina 9 na itakupa 5, na nyaya nyengine huomba 12. Wala usichomeke simu ya rafiki kwenye tundu la pili katikati ya wimbo. Pawabenki nyingi zikipata mgeni hukata umeme kidogo zipange upya, na dilei yako itazima na kuwaka mbele za watu.

Kuna kingine kuhusu pawabenki: hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Ovadraivu peke yake haitoshi kuiweka macho, utapiga kidogo kisha kimya. Ichomeke pamoja na tyuna na riverbu, au tafuta pawabenki yenye hali ya mzigo mdogo, ambayo kwa nyingi huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili.

Hatua ya 5: Sanduku la volti 12

Betri iliyo rahisi kupatikana ni ile kavu ya risasi ya volti 12, Ah 7 (ampea mara saa), inayotiwa kwenye UPS za kompyuta na ving'ora. Ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Ya risasi haipendi kumalizwa, tumia nusu tu: Ah 3.5. Kwa pedali zetu hizo ni saa 14. Iliyo bora zaidi ni ya lithiamu fosfeti ya volti 12.8, inayouzwa kwa kazi za sola. Ni nyepesi, hukaa juu ya volti 12 hadi karibu imalizike, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake bila kuiumiza. Hiyo inataka chaja yake, ya volti 14.6. Pakiti za lithiamu ya kawaida za volti 11.1 zinauzwa pia, lakini kwa regyuleta tutakayoitumia hazifai sana, utaona kwa nini. Na kuunga mwenyewe seli za kompyuta mbovu sikushauri hata kidogo.

Regyuleta ni 7809. Ina miguu mitatu: maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, wa kushoto ni umeme unaoingia, wa kati ni hasi, wa kulia ni volti 9 zinazotoka. Inahitaji kuingiziwa volti zisizopungua 11 hivi ili itoe 9 kamili. Hapo ndipo pakiti ya 11.1 inaposhindwa, maana ikifika nusu tu imeshaanza kuanguka.

Unga hivi. Kutoka chanya ya betri weka fyuzi ya ampea 1, karibu na betri kadiri unavyoweza. Kisha swichi. Kisha mguu wa kushoto wa 7809. Hasi ya betri iende mguu wa kati. Baina ya kushoto na kati weka kapasita ya maikrofaradi 0.33, na baina ya kulia na kati nyengine ya 0.1, zote mbili karibu na miguu yenyewe. Kutoka kulia, chanya inakwenda kwenye chuma cha nje cha plagi za pedali. Kutoka kati, hasi inakwenda kwenye pini.

Regyuleta itapata joto. Tofauti ya volti 12.7 na 9 mara ampea 0.25 ni karibu wati moja, na wati moja kwa kijidude kile inatosha kukuunguza kidole. Kifungie kwa skrubu kwenye kipande cha alumini. Bamba lake la nyuma limeungana na hasi, kwa hiyo likigusa sanduku la chuma si neno. Lenye neno ni tundu la plagi. Kwa vile nje ni chanya, tundu la chuma likifungwa kwenye sanduku la chuma linaligeuza sanduku zima kuwa chanya, na likigusana na hasi unapiga shoti. Nunua matundu ya plastiki. Kwa sababu hiyo hiyo, plagi za ziada zinazoning'inia kwenye waya wa mnyororo, ule mmoja wenye plagi nyingi, zifunge utepe: chuma chao cha nje kina chanya, na kikilalia ubavu wa pedali kinapiga shoti.

Hatua ya 6: Mlio

Watu hudhani betri ni kimya kwa asili yake. Betri yenyewe ni kimya, kweli, mashine ya kupandisha volti siyo. Waya wa rauta unakata na kuunga umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde, juu ya yale masikio yanayoweza kusikia, lakini mzigo ukiwa mdogo mwendo huo hushuka hadi unasikika. Pedali za dijitali nazo zina saa zao za ndani, na uchafu wao unarudi kwenye waya wa hasi wanaoshirikiana wote. Ovadraivu inachukua hayo yote na kuyakuza, na spika inatoa mlio mwembamba kama wa mbu.

Mtafute aliko. Ondoa pedali zote kwenye waya isipokuwa ovadraivu, pandisha geini (kitufe cha kukuza sauti), sikiliza. Kama mlio upo, umetoka kwenye waya wa kupandisha. Kama kimya, rudisha moja moja. Mara nyingi unaingia pale dilei au riverbu inapojiunga. Dawa ni kutenga: analogi ziwe na chanzo chao, dijitali chao. Matundu mawili ya pawabenki moja hayajatengana, hasi yao ni moja. Pawabenki mbili ndogo ndizo zilizotengana. Au fanya rahisi zaidi, ovadraivu itie betri ya mraba ndani na kilichobaki kiwe kwenye pawabenki. Mara nyingi hilo linamaliza kazi bila kununua kitu.

Sanduku la 7809 halipigi mlio wake, lakini nalo lina hasi moja kwa wote, kwa hiyo riverbu yenye uchafu itaendelea kuchafua. Na usipige huku pawabenki iko kwenye chaji. Chaja za bei rahisi zinaleta ngurumo ya ukutani ndani ya gitaa, na faida yote ya betri inapotea.

Betri chini ya mguu haikukingi na shoti ya amplifaya iliyochomekwa ukutani. Nyuzi zako bado zimeungana na ethi ya amplifaya kupitia waya wa gitaa. Plagi yake ya pini tatu ikiwa imeunganishwa kwenye soketi isiyo na ethi, midomo inaweza kupigwa ukigusa maikrofoni. Amplifaya ya namna hiyo achana nayo.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya siku

Washa kila kitu nyumbani na ukiache kwa muda wa onyesho zima, mita ikiwa kwenye plagi ya mwisho ya mnyororo. Inapaswa kubaki juu ya 8.8 mpaka mwisho. Ikishuka huku betri ikiwa bado na chaji, waya ni mwembamba au mzigo umezidi. Kwa betri ya risasi, ikishapumzika saa kadhaa na kusoma chini ya 12.2, umeshafika nusu, irudishe kwenye chaji. Isilale tupu: baada ya wiki chache za kulala tupu haitorudi ilivyokuwa.

Chumvi na safari

Upepo wa baharini unakula plagi. Onyesho la Nungwi likimalizika, usifungie pedali zikiwa na unyevu kwenye begi. Zipanguse kwa kitambaa kikavu, plagi zisafishe kwa spirti mara moja moja, na tia begini vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Plagi iliyoota kijani ibadilishe, kuisugua ni kuahirisha. Pawabenki isiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kwa wanaokwenda kupiga Pemba kwa ndege: pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni saa-wati 100. Ya mAh 20,000 ni 74, inapita. Betri ya kilo mbili peleka kwa boti, na kabla ya kuipakia chomoa fyuzi, funga vichwa vyake vyote viwili kwa utepe, na uisimamishe wima.